Beatrice: Maana na Asili ya Jina la Kike la Kiitalia

Miongoni mwa majina ya kike yaliyofika Afrika ya Mashariki kwa njia ya ubatizo, Beatrice ni mojawapo la yale yaliyozoeleka mno hata wasikiao hawafikiri tena kwamba lina historia yake. Aulizaye maana yake aghalabu hupewa jibu moja tu: "aliyebarikiwa". Jibu hilo limo katika vijitabu vya majina vya lugha nyingi, nalo hurudiwa pasipo kuchunguzwa. Hata hivyo lina kasoro mbili. Ya kwanza ni ya sarufi, kwa kuwa lamgeuza mtenda kuwa mtendwa. Ya pili ni ya historia, kwa kuwa jina hili, kwa kadiri ya ushahidi uliopo, halikuanza na baraka. Lilianza na njia. Makala haya yanakusudia kueleza kasoro hizo mbili, na kuonyesha jinsi kosa la kale la masikio lilivyokuja kuzaa mojawapo la majina yenye uzito mkubwa kabisa katika fasihi ya Ulaya.

Yafaa kuanza na umbo la jina lenyewe. Katika Kiitalia herufi c ikitangulia e hutamkwa kama ch ya Kiswahili, na e ya mwisho haimezwi. Kwa hiyo Mwitalia husema Be-a-tri-che, silabi nne, na mkazo huangukia silabi ya pili kutoka mwisho, mahali pale pale Kiswahili kinapouweka. Waingereza waliipokea tahajia hiyo, wakaitamka kwa mazoea ya lugha yao: irabu ya mwisho ikanyamaza, mkazo ukasogea mwanzoni, na jina likaishia kwenye konsonanti. Jina lilipofika kwa msemaji wa Kiswahili likiwa katika sura hiyo, yeye hakuridhika na silabi iliyofungwa mwishoni. Akaongeza irabu, akasema Beatrisi. Hapa pana jambo dogo la kupendeza. Beatrisi, lililotokana na matamshi ya Kiingereza, lina silabi nne tena, na mkazo umerudi juu ya tri. Kilichopotea njiani kimerudishwa na watu ambao hawakujua kwamba kilikuwa kimepotea.

Sasa sarufi. Kilatini kilikuwa na viambishi tamati viwili vya kuunda nomino za mtenda kutokana na vitenzi: -tor kwa mwanamume na -trix kwa mwanamke. Nomino nyingi za Kiitalia hazikutokana na umbo la kiima la Kilatini, bali na umbo la yambwa. Na katika yambwa -trix huwa -tricem. Ile m ya mwisho ilidondoka mapema katika usemi wa watu, ikabaki -trice. Ndivyo pacem ilivyokuwa pace, amani, na lucem ikawa luce, nuru. Kiambishi hiki kingali hai. Pittrice ni mwanamke mchoraji, attrice ni mwigizaji wa kike, imperatrice ni malkia mwenye dola, nutrice ni mwanamke anyonyeshaye mtoto wa mwingine. Hata mashine zimekipata: lavatrice ni mashine ya kufulia na trebbiatrice ni ya kupuria nafaka, kwa sababu neno macchina, mashine, huhesabiwa kuwa la kike katika lugha hiyo.

Kwa hiyo Beatrice, likisomwa kama Kilatini kinavyotaka, latokana na kitenzi beare, kutia heri, kuneemesha, na maana yake ni mwanamke anayewatia wengine heri. Aliyebarikiwa si beatrix, ni beata. Kiswahili, ambacho hakina jinsia ya kike na ya kiume katika nomino zake, kina uwezo mkubwa wa kutenganisha mtenda na mtendwa, na msemaji wake hawezi kukosea kati ya mneemeshaji na mneemeshwa, wala kati ya mpenzi na mpendwa. Ni ajabu basi kwamba wafasiri wa jina hili kwa Kiswahili wameliacha pengo hilo wazi. Sababu yake pengine ni kwamba wanafasiri kutoka Kiingereza, ambamo maelezo yenyewe yalikwisha kuharibika. Kwa upande wa majina yenye asili ya Kiarabu hapana utata wa namna hiyo: Mbaraka, kutokana na mubarak, ni aliyebarikiwa, na anayelichagua jina hilo hapotoshwi.

Tofauti hii yaweza kuonekana vizuri zaidi kwa kulilinganisha Beatrice na jina jingine la Kiitalia ambalo Wakenya wanalifahamu kuliko Waitalia wengi. Nalo ni Consolata. Shirika la wamisionari wa Consolata lilianzishwa Turin mwaka 1901 na padre Giuseppe Allamano, na mwaka 1902 wamisionari wake wa kwanza walifika Kenya, wakaanza kazi yao katika nchi ya Wagikuyu. Jina la shirika limetokana na sifa ya Bikira Maria aheshimiwaye katika kanisa kuu la hija la mji wa Turin, na tangu hapo wasichana wengi wa Kenya na Tanzania wamebatizwa kwalo. Consolata, kisarufi, ni mtendwa: mwanamke aliyefarijiwa. Umbo la mtenda lingekuwa Consolatrice, mfariji, na kwa kweli litania ya Loreto humwita Maria kwa umbo la Kilatini la neno hilo, consolatrix. Waumini wa Turin waliposema Consolata walimwomba afariji, wala hawakuwa wakisimulia tu kwamba alifarijiwa. Matumizi yaliishinda sarufi. Kwa Beatrice mambo yamekwenda kinyume chake: sarufi yasema mtenda, matumizi yakavuta kwenye mtendwa. Dada wawili wa nyumba moja, mmoja Consolata na mwingine Beatrice, wamebeba viambishi viwili vinavyopingana, nao huenda wasijue.

Hayo ni ya sarufi. Historia ina habari nyingine. Neno beatrix kama nomino ya kawaida ni adimu sana katika Kilatini cha waandishi wa kale, na ni vigumu kusadiki kwamba watu waliwapa binti zao jina kutokana na neno ambalo karibu hawakulitumia. Ushahidi wa mwanzo waelekea mahali pengine. Nje ya Roma, kando ya barabara ya Portuense, yako makaburi ya chini ya ardhi yaitwayo ya Generosa, ambako walizikwa wafiadini wa mateso ya Diocletianus mwanzoni mwa karne ya 4. Wawili kati yao, Simplicius na Faustinus, walikuwa ndugu, na mapokeo yasema dada yao ndiye aliyewazika baada ya miili yao kutolewa katika mto Tiber, kisha naye akauawa. (Mapokeo hayo hayo yaongeza kwamba aliyemshitaki alikuwa na tamaa ya shamba lake, jambo ambalo halihitaji ufafanuzi kwa msomaji wa nchi yoyote yenye kesi za ardhi.) Katika orodha za watakatifu za zama za baadaye dada huyo huitwa Beatrix. Lakini katika mabaki ya kanisa lililojengwa juu ya makaburi hayo wakati wa Papa Damaso, aliyetawala kuanzia 366 hadi 384, jina lake limechongwa katika jiwe kwa V: Viatrici, yaani kwa Viatrix.

Viatrix si neno la fumbo. Via ni njia. Viator ni msafiri. Viatrix ni msafiri mwanamke. Umbo la kiume lilikuwa jina la watu pia: Viator wa Lyon, msomaji wa kanisa katika karne ya 4, aliheshimiwa kuwa mtakatifu, na Kiitalia kina Viatore hata leo. Wakristo wa mwanzo walilipenda jina hili kwa maana iliyo wazi, kwa kuwa waliyahesabu maisha ya duniani kuwa safari na mbingu kuwa kwao. Hapa yafaa kutahadhari na ulinganisho wa haraka. Wajaluo humwita mtoto aliyezaliwa njiani Oyoo akiwa wa kiume na Ayoo akiwa wa kike, kutokana na yoo, njia. Na Safari ni jina la mtu katika sehemu nyingi za Uswahilini na bara. Majina hayo na Viatrix yana neno moja la msingi, lakini hayana kazi moja. Ayoo hueleza tukio la kuzaliwa, na mtu aweza kuuliza ni njia ipi na mama alikuwa akienda wapi. Viatrix halielezi tukio. Ni tangazo la imani kuhusu maisha yote ya atakayeitwa hivyo.

Viatrix ilipataje kuwa Beatrix? Mabadiliko mawili ya sauti yalifungua mlango. Herufi v ya Kilatini cha kale ilisomwa kama w. Baadaye sauti hiyo ilikaza kidogo, ikawa ya midomo miwili inayokaribiana bila ya kufungana, karibu na ile b ya Kigikuyu. Na wakati huo huo b iliyokuwa kati ya irabu ililegea ikafikia pale pale. Sauti mbili zilizokuwa mbalimbali zikakutana, na waandishi wa kawaida hawakujua tena lini waandike v na lini waandike b. Makaburi ya Roma yamejaa bixit mahali pa vixit, "aliishi". Wanafunzi wa lugha za Kibantu hawatashangazwa na mwendo huo, kwa kuwa wamezoea kuona b ya Kiganda katika abantu na babiri ikisimama mkabala wa w ya Kiswahili katika watu na wawili. Badiliko la pili lilihusu i na e zikitangulia irabu nyingine, ambapo pia wasemaji walizichanganya. Ile orodha ya masahihisho iitwayo Appendix Probi, iliyotungwa na mwalimu asiyejulikana aliyechoshwa na makosa ya watu, yakanya wasemao vinia badala ya vinea, shamba la mizabibu, na wasemao vaclus badala ya baculus, bakora. Makosa yote mawili yaliyohitajika kuigeuza Via- kuwa Bea- yamo katika orodha hiyo moja.

Lakini sauti peke yake hazitoshi. Mabadiliko haya yangaliweza kuacha maumbo kadha wa kadha, Biatrix, Veatrix na mengineyo, yakigombana bila ya mshindi. Aliyeamua ugomvi ni neno beatus, mwenye heri, ambalo Mkristo alilisikia kila mara katika ibada, na ambalo liliwekwa mbele ya majina ya watakatifu. Msikilizaji aliposikia jina la mfiadini likianza kwa sauti iliyofanana na beata, alilisawazisha na neno alilolijua. Hii ndiyo wanaisimu waiitayo etimolojia ya umma: wasemaji hulitengeneza upya neno ili lipate maana inayoonekana. Kiswahili kinayo mifano yake. Amri ya Kiingereza ya kushika kushoto ilipoandikwa penye mizunguko ya barabara, watu waliisikia kama kipilefti, wakaona ki- ya ngeli mwanzoni, wakaunda wingi wake vipilefti. Na leo hapana awezaye kuwaambia kwamba wamekosea. Tofauti ni kwamba kipilefti kilipata ngeli mpya, hali Viatrix alipata maana mpya, na maana hiyo ikawa bora kuliko ile ya kwanza machoni pa waliolitumia. Msafiri akawa mleta heri.

Jina lilienea katika nyumba za watawala wa Ulaya mapema. Beatrice wa Lorraine, mama yake Matilda wa Canossa, alifariki mwaka 1076, akazikwa Pisa. Mfalme Mkuu Frederick I alimwoa Beatrice wa Burgundia mwaka 1156, na Charles wa Anjou, aliyekuwa mfalme wa Sisilia, alikuwa mume wa Beatrice wa Provence. Hayo yatajwa hapa kwa sababu hudhaniwa mara nyingi kwamba Dante ndiye aliyelifanya jina hili kuwa la heshima. Lilikuwa na heshima kabla yake. Folco Portinari, tajiri wa Florence aliyeanzisha hospitali ya Santa Maria Nuova mwaka 1288, hakufanya jambo la kigeni kumpa binti yake jina hilo. Nyumbani hakuitwa kwa jina kamili. Aliitwa Bice, hutamkwa Biche, yaani mwanzo na mwisho wa Beatrice vilivyounganishwa baada ya kuondolewa cha kati. Na wosia wa baba yake, ingawa uliandikwa kwa Kilatini cha wanasheria, ulimtaja kwa kifupi hicho, akiwa mke wa Simone de' Bardi. Ni Boccaccio aliyeeleza, katika mihadhara yake ya miaka ya 1373 na 1374, kwamba binti huyo ndiye Beatrice wa Dante, na wataalamu wengi wamelikubali neno lake. Alifariki mwezi wa Juni 1290.

Alilofanya Dante ni kulichukua jina kwa uzito ambao hapana aliyewahi kuupa. Katika kitabu chake cha ujana, Vita Nuova, alichokitunga katika miaka ya mwanzo ya 1290, aliishikilia kanuni ya wanazuoni wa zama zake kwamba majina hufuata vitu, hata jina la kweli likawa ni shahada ya tabia ya mwenye jina. Tangu mwanzo wa kitabu adokeza kwamba wengi waliomwita binti huyo Beatrice hawakujua walichokuwa wakikisema. Na sarufi ya sentensi hiyo imewasumbua wafafanuzi mpaka leo. Kisha ajenga hoja yake juu ya maneno ya ukoo mmoja. Beatrice ndiye aletaye beatitudine, heri. Heri hiyo kwanza ilikuwa katika maamkizi yake, na Kiitalia kina saluto, maamkizi, na salute, afya na wokovu. Msomaji wa Kiswahili huliona jambo hili mara moja, wala hahitaji kamusi, kwa kuwa salamu na usalama ni ndugu katika lugha yake mwenyewe: amsalimuye mtu humtakia usalama. Basi Beatrice anapomnyima kijana maamkizi njiani, baada ya kusikia maneno ya watu, si adabu tu iliyovunjwa. Kijana amenyimwa salama yenyewe. Baada ya hapo Dante atangaza kwamba heri yake ataiweka mahali ambapo hawezi kunyang'anywa, nako ni katika maneno ya kumsifu.

Katika kitabu hicho hicho yuko mwanamke mwingine, Giovanna, mpenzi wa rafiki yake Guido Cavalcanti, aliyepewa na watu lakabu ya Primavera, majira ya kuchipua. Dante alivunja neno hilo vipande viwili, prima verrà, atatangulia kuja, kwa kuwa Giovanna alionekana akitembea mbele ya Beatrice kama Yohana Mbatizaji alivyotangulia. Kwa kipimo cha isimu hii si etimolojia. Lakini yaonyesha kwamba kwa Dante kusikiliza jina kulikuwa njia ya kufikia ukweli, na anayemsoma pasipo kujua hivyo husoma nusu.

Hapo ndipo swali la asili ya Beatrice linapokuwa zaidi ya udadisi wa wanaisimu. Katika wimbo wa pili wa Inferno, Virgil asimulia jinsi mwanamke alivyomjia mahali alipokaa pamoja na wafu wasiobatizwa. Kabla ya kulitaja jina lake amwita beata. Kisha mwanamke mwenyewe ajitaja: yeye ni Beatrice, ndiye anayemtuma, ametoka mahali ambapo anatamani kurudi. Maneno yote ni ya safari. Ametoka mbinguni, ameshuka, atarejea, na amemwendesha mwingine njiani. Kwa anayejua habari za Viatrix kishawishi ni kikubwa cha kusema kwamba Dante aliisikia maana ya kale chini ya ile mpya. Kishawishi hicho chafaa kukataliwa. Hapana dalili yoyote kwamba Dante alilijua jina lililochongwa penye makaburi ya Portuense, na kila mahali anapocheza na jina hili hucheza na beato na beata, kamwe si na via. Msafiri katika Commedia ni Dante. Mfafanuzi akitaka kuzikutanisha maana mbili ana haki ya kufanya hivyo kwa niaba yake mwenyewe, mradi asimsingizie mshairi. Asili ya neno na maana yake kwa mtumiaji ni mambo mawili, na kuyachanganya ndilo kosa la vile vijitabu vya majina, ingawa kwa upande wa pili.

Kifupi cha nyumbani nacho hakikusahauliwa. Katika wimbo wa saba wa Paradiso Dante akiri kwamba unyenyekevu humtawala hata kwa kusikia be na ice tu. Baadhi ya wafafanuzi husema ametaja mwanzo na mwisho wa jina zima. Wengine husema ametaja Bice, jina la utotoni. Tafsiri ya pili ina nguvu zaidi, kwa kuwa vipande hivyo viwili vikiunganishwa huzaa jina lile lile lililomo katika wosia, na ni jambo la kibinadamu kwamba mtu ashtuke kwa jina la mtaani kuliko kwa jina la cheti.

Baada ya Dante, mtenda na mtendwa walikutana tena mahali pasipotazamiwa. Katika tamthilia moja ya vichekesho ya Shakespeare, iliyochapwa mwaka 1600 na ambayo mambo yake hutokea Messina, Sisilia, wapenzi wagomvi wasiokubali kwamba wanapendana huitwa Beatrice na Benedick. Benedick latokana na benedictus, aliyebarikiwa. Mmoja anabariki, mwingine anabarikiwa, na kwa muda mrefu wa mchezo kinachotoka vinywani mwao ni matusi ya werevu. Mtungaji huyo, ambaye wenzake walimcheka kwa uchache wa Kilatini chake, alizigawa kauli mbili za kitenzi sawasawa.

Italia ya leo haijalichoka jina hili. Katika takwimu za majina ya watoto wachanga za miaka ya 2020, Beatrice limo katika kumi ya mwanzo kwa wasichana. Bice limekuwa jina la mabibi wazee. Vijana hukatiza kwa namna nyingine, Bea, na kwa kufanya hivyo wamekiacha kiambishi -trice chote, hata haiwezekani tena kujua kutokana na kifupi hicho peke yake kama mwenye jina anatia heri au ametiwa.